Tundu Katika Dashibodi: Redio ya Gari la Zamani na Maana ya Neno "Asili"

Wahenga walinena kwamba mwacha asili ni mtumwa. Aghalabu methali hii hutajwa palipo na mjadala wa lugha: neno lipi lipokewe, lipi likataliwe, na nani anakiharibu Kiswahili. Lakini lipo baraza jingine ambamo hoja hiyohiyo huzuka kila siku kwa ukali uleule, nalo ni baraza la watunzaji wa magari ya zamani. Mwenye gari la mwaka 1958 au 1965 anapouliza kama aing'oe redio ya kale na kuweka mpya, majibu hugawanyika pande mbili. Upande mmoja husema kwamba kuing'oa ni kuliua gari, kwani gari bila vyombo vyake vya asili ni ganda tupu. Upande wa pili hujibu kwamba redio isiyosikika haina faida, na kipya kinyemi ingawa kidonda.

Makala haya hayakusudii kumfundisha mtu ufundi wa nyaya. Yanakusudia kufuata historia ya chombo hiki kidogo ili tuone kama neno "asili" linaweza kubeba mzigo wote linaotwikwa. Ndugu msomaji atakayefika mwisho ataona kwamba swali la fundi redio na swali la mshairi ni ndugu wa tumbo moja.

Tuanze na maneno yenyewe, maana ndiyo mali yetu. "Gari" tulilipata kutoka Bara Hindi, ambako lilikuwa jina la mkokoteni uliokokotwa na wanyama. Kilipoingia chombo cha injini, wazee wetu waliita "motokaa", neno la Kiingereza lililovikwa kanzu ya Kiswahili, lakini baadaye "gari" likashinda. "Dashibodi" nayo ni ya ajabu zaidi. Kwa Kiingereza cha zama za farasi, huo ulikuwa ubao uliosimamishwa mbele ya mwendeshaji ili kumkinga na matope yaliyorushwa na kwato. Farasi waliondoka, matope yakakoma, ubao ukabaki na kazi mpya ya kushika saa, vipimo, na hatimaye redio. "Redio" chimbuko lake ni neno la Kilatini lililomaanisha mwali, na pia spoki ya gurudumu. Basi tangu kale, ndani ya jina la redio palikuwa na gurudumu. Na kabla neno hilo halijaenea kwetu, mawasiliano yasiyo na waya yaliitwa "simu ya upepo". Ukikumbuka kwamba "simu" ni neno la Kiajemi lenye maana ya waya, utaona kwamba wazee walisema "waya wa upepo". Maneno yote haya yanatumika leo kwa kazi ambayo hayakuzaliwa nayo, na hakuna anayeyadai yarudi yalikotoka.

Sasa tuingie katika historia. Magari ya mwanzo hayakuwa na redio, na waliyoyabuni hawakuiwazia. Mwaka 1930, ndugu wawili wa Chicago, Paul na Joseph Galvin, ambao kiwanda chao kilikuwa na umri wa miaka miwili tu, walitengeneza redio iliyoweza kufungwa katika magari ya aina nyingi na kuuzwa kwa bei ambayo watu wa kawaida wangeweza kuifikiria. Paul Galvin aliifunga katika gari lake mwenyewe na kusafiri hadi Atlantic City, kulikokuwa na mkutano wa watengenezaji wa redio. Hakuwa na kibanda cha maonyesho. Aliliegesha gari nje na kuwasikilizisha wapita njia. Chombo hicho alikiita Motorola, kwa kuunga neno la mota na kiishio "-ola", ambacho Wamarekani walikwisha kukizoea katika majina ya vyombo vya muziki kama Victrola na Pianola. Jina la bidhaa likavuma kuliko jina la kampuni, hata mwaka 1947 kampuni nzima ikaitwa hivyo.

Kufunga redio hiyo hakukuwa jambo jepesi. Redio za wakati huo zilitumia vali, yaani vichupa vya kioo vilivyoondolewa hewa, na vali hazikuridhika na volti 6 za betri ya gari. Zilihitaji volti nyingi, mara nyingi kupita 100. Mwanzoni betri za ziada ziliwekwa chini ya sakafu. Baadaye kikabuniwa kifaa chenye ulimi wa chuma uliotikisika haraka, ukikata na kuunga umeme wa betri ili transfoma iweze kuupandisha. Mtikisiko wake ulisikika kama mvumo wa nyuki kabla ya sauti ya mtangazaji kufika. Kulikuwa pia na adui wa ndani: kila plagi ilipotoa cheche, redio ilinguruma, hivyo mafundi walilazimika kuinyamazisha injini kwa vizuizi vya umeme kwenye nyaya za plagi. Antena ilitandazwa ndani ya paa, maana mapaa mengi yalikuwa ya mbao na kitambaa katikati. Kampuni ya General Motors ilipoleta paa la chuma tupu katika magari yake ya mwaka 1935, chuma kiliyazuia mawimbi, na antena ikalazimika kutoka nje.

Si wote walioifurahia. Katika jimbo la Massachusetts na katika mji wa St. Louis yalitolewa mapendekezo ya kuipiga marufuku redio ya gari, kwa hofu kwamba dereva atasahau barabara. Hoja hiyo bado hai, isipokuwa leo inaelekezwa kwenye simu.

Ujerumani ilifuata mwaka 1932. Kampuni ya Ideal ya Berlin, ambayo ilikuwa ikibandika nukta ya buluu kwenye kila kifaa kilichofaulu ukaguzi, ilitoa redio ya gari iliyoitwa Autosuper AS 5. Ilikuwa na uzito wa takriban kilo 15, ukubwa wa lita 10 hivi, na iligharimu mark 465, fedha ambazo zilikaribia theluthi ya bei ya gari dogo. Haikuweza kukaa kwenye dashibodi. Mwili wake ulifichwa penginepo, na dereva aliiamuru kwa kitufe kilichofungwa kwenye nguzo ya usukani. Wateja walizoea kuomba "nukta ya buluu", hata jina hilo, Blaupunkt kwa Kijerumani, likaimeza kampuni.

Nimeyasimulia haya ili kuliweka wazi jambo moja linalosahaulika katika mjadala. Kwa miongo mingi redio haikuwa kiungo cha gari; ilikuwa mgeni aliyekaribishwa. Mnunuzi aliyetaka redio aliilipia peke yake, na ambaye hakutaka, au hakuweza, alipewa dashibodi yenye kibati kilichoziba tundu. Magari mengi madogo ya Ulaya ya miaka ya 1950 yalitoka kiwandani na kibati hicho. Redio ilifungwa na wakala, au na fundi wa mtaani, mwezi au mwaka baadaye. Basi mtu anapotuambia kwamba gari lake lirejee katika asili yake halisi, kwa magari mengi asili hiyo ni tundu lililozibwa.

Wala wenye magari hayo hawakungoja vizazi vipite ndipo wabadilishe. Mwaka 1952 Blaupunkt ilileta redio ya gari yenye masafa ya FM, na mwaka uliofuata kampuni ya Becker ikatoa Becker Mexico, iliyoweza kutafuta kituo yenyewe. Jina hilo lilikuwa kumbukumbu ya ushindi wa Mercedes-Benz katika mashindano ya Carrera Panamericana huko Mexico mwaka 1952. Mwaka 1955 Chrysler na Philco wa Marekani walitangaza redio ya gari isiyo na vali hata moja, iliyotumia transista tupu. Ziada ya dola 150 ilikuwa kubwa, lakini mvumo wa nyuki ulikwisha, betri ikapumua, na sauti ikatoka mara swichi ilipowashwa. Mwaka uliofuata Chrysler walithubutu hata kuweka kinanda cha santuri chini ya dashibodi. Mwenye gari la mwaka 1950 aliyeng'oa redio ya vali mwaka 1960 na kuweka ya transista hakuambiwa ameisaliti asili. Aliambiwa amepata redio nzuri.

Hata hivyo, mabadiliko yana adabu zake, na historia imeacha mitego kwa asiyeijua. Mtego wa kwanza ni betri. Magari mengi ya kale yalitumia volti 6. Volkswagen Beetle zilizopelekwa Marekani, kwa mfano, zilihamia volti 12 kwa modeli ya mwaka 1967. Redio ya leo haitaamka kwa volti 6. Mtego wa pili ni mkali zaidi. Magari mengi ya Uingereza, hadi katikati ya miaka ya 1960 na mengine hata baada ya hapo, yaliunganisha upande chanya wa betri na bodi ya gari, kinyume cha desturi ya leo. Redio ya kisasa ina ganda la chuma lililounganishwa na upande hasi. Ganda hilo likigusa bodi ya gari kama hilo, ni shoti papo hapo, na bahati yako ni fyuzi. Mtego wa tatu ni spika. Zamani waya mmoja wa spika uliweza kufungwa kwenye bodi, ukamaliza safari yake hapo. Katika redio nyingi mpya nyaya zote mbili za spika zimebeba umeme, na kuufunga mmoja kwenye bodi ni kuiharibu redio.

Mtego wa nne ni tundu lenyewe. Redio za kale zilishikwa na vishikizo viwili, kimoja kulia na kimoja kushoto, na kioo cha namba katikati. Kuanzia miaka ya 1980 dunia ilikubaliana juu ya kipimo cha Kijerumani cha DIN, upana milimita 180 na kimo milimita 50. Hapo ndipo msumeno ulipoingia katika dashibodi nyingi za kale. Chuma kilikatwa ili mstatili uingie, na chuma kikishakatwa hakioti tena. Dashibodi ngapi nzuri zimeharibika kwa redio ambazo zenyewe zilitupwa baada ya miaka mitano!

Kwetu Afrika Mashariki, kisa hiki kina sura yake. Sauti ya Dar es Salaam ilianza mwaka 1951. Idhaa ya Kiswahili ya BBC ilisikika kwa mara ya kwanza tarehe 27 Juni 1957. Na ile ya Deutsche Welle ikafuata mwaka 1963. Sauti hizo zilisafiri kwa masafa ya kati na masafa mafupi. Neno "masafa" kwa Kiarabu ni umbali, na kwa hakika ndiyo sifa yake: usiku mawimbi ya kati hugonga tabaka la juu la angahewa na kurejea ardhini mbali sana, hata dereva aliye katikati ya pori akaweza kuipata stesheni ya nchi jirani. Mawimbi ya FM hayana safari hiyo. Yana sauti safi, lakini hukoma nyuma ya mlima. Katika zama za masafa hayo marefu ya mwendo, msafiri wa Dodoma na msafiri wa Voi waliweza kusikia taarifa moja, kwa Kiswahili kimoja, kwa saa moja. Sehemu kubwa ya umoja wa lugha yetu ilijengwa namna hiyo, na redio ya ndani ya gari ilikuwa na fungu lake.

Stesheni binafsi za FM zilipofunguka, kama Radio One ya Tanzania mwaka 1994 na Capital FM ya Kenya mwaka 1996, redio ya gari yenye masafa ya kati peke yake ilianza kuonekana bubu. Papo hapo yakaja kwa wingi magari yaliyotumika Japani. Hapo wengi walipata somo lisilotarajiwa. Japani ilitumia FM kuanzia megahezi 76 hadi 90, ilhali sisi tunatumia 87.5 hadi 108. Redio nzima, nzuri, haina kasoro, inafika bandarini Mombasa au Dar es Salaam na kukuta hewa isiyoifahamu: stesheni zilizo chini ya 90 tu ndizo zinazosikika, na zilizobaki zinapita juu ya kichwa chake. Dawa ni mbili. Ama kubadilisha redio, ama kuweka kwenye waya wa antena kifaa kidogo kinachoyashusha mawimbi. Kikitoa 12, stesheni ya 100 husikika penye 88. Dereva husoma namba ya uongo na kusikia sauti ya kweli, akawa kama msomaji wa tafsiri.

Gari hilo la Japani linatufundisha jambo ambalo wenye magari ya kale ya Ulaya nao wamekuja kulijua. Redio ni nusu tu ya jambo. Nusu ya pili iko hewani. Na hewa hubadilika bila kumwuliza mwenye gari. Redio za FM za Kijerumani za miaka ya 1950 zilikoma kwenye megahezi 100, kwa kuwa wakati huo hapakuwa na stesheni juu ya hapo. Stesheni ya Deutschlandfunk ilizima masafa yake ya kati mwisho wa mwaka 2015. France Inter ilizima masafa marefu mwisho wa mwaka 2016. Norway iliziondoa stesheni zake za kitaifa kutoka FM mwaka 2017 na kuzihamishia kwenye mfumo wa kidijitali. Mtu wa Oslo anaweza kuipeleka redio yake ya mwaka 1960 kwa fundi hodari, akabadilishiwa kapasita zilizooza, kila vali ikawaka, kioo kikang'aa rangi ya kahawia, na kutoka ndani yake kukatoka mchakato mtupu. Chombo ni kizima. Waliokuwa wakizungumza nacho wamehama.

Sisi wapenzi wa lugha tunakijua kifo cha aina hiyo. Lugha huweza kuwa na kamusi kamili na sarufi isiyopungua kitu, na bado isiwe na mtu wa kuijibu.

Basi afanyeje mwenye gari? Mafundi wameiacha milango mitatu wazi. Wa kwanza ni kuirejesha redio ya kale kama ilivyokuwa, na kuridhika na kile kidogo kinachosikika. Huu unalifaa gari la makumbusho, na mwenye masikio yenye subira. Wa pili ni kuuacha uso wa kale, vishikizo vyake na kioo chake, na kubadilisha matumbo: ndani ya ganda lilelile kunawekwa bodi mpya yenye FM na Bluetooth, na kishikizo kilichokuwa kikitafuta Paris au Berlin sasa kinatafuta stesheni ya mjini. Kosa la njia hii ni kwamba matumbo yaliyotolewa mara nyingi hutupwa, na redio ya vali iliyodumu miaka 60 huuawa ili ganda lake lisalie. Wa tatu ni kuiacha redio ya kale mahali pake bila kuigusa, na kuficha redio mpya ndani ya kisanduku cha dashibodi au chini ya kiti. Jicho linaona ya kale, sikio linasikia mpya, na siku mwenye gari atakapotaka kurudi nyuma, njia ya kurudi ipo.

Mimi nauona mlango huu wa tatu kuwa na hekima kuliko ile miwili, na sababu yangu si upenzi wa ukale. Sababu ni kwamba haumfungii mlango atakayekuja. Kipimo changu cha uaminifu si kama kitu kimebadilika, kwa maana historia yote tuliyoipitia ni historia ya mabadiliko. Kipimo ni kama badiliko linaweza kurudishwa. Waya ulioongezwa hutolewa. Chuma kilichokatwa hakirudi.

Watunzi wa mashairi wamekuwa wakifuata kanuni hiyo tangu zamani bila kuipa jina. Tarbia ina mishororo yake minne, na kila mshororo una mizani kumi na sita, nane za ukwapi na nane za utao. Ndani ya fremu hiyo malenga wameingiza maneno ambayo babu zao hawakuyajua. "Redio" yenyewe ni mizani tatu, re-di-o, na imekaa ndani ya ukwapi kwa raha zake, bila kuhitaji kukatiwa tundu. Neno geni likichakaa, kizazi kijacho kitaliondoa na kuweka jingine, na fremu itakuwa ingali nzima. Anayeikata fremu ili neno lake la leo lienee, huyo ndiye mwenye msumeno.

Liko bado jambo moja ambalo hata mlango wa tatu hauliponyi, na ni haki kulitaja. Neno "idhaa" kwa Kiarabu ni kueneza habari kwa watu wote. Redio ya kale ilimpa dereva alichopewa kila mtu: taarifa ya habari, tangazo la msiba, shairi lililoghanwa, na wimbo ambao hakuuchagua. Redio mpya iliyounganishwa na simu humpa alichokichagua mwenyewe jana. Sauti ni safi zaidi, lakini ndani ya gari amebaki peke yake. Kwa hiyo anayebadilisha redio, hata akiificha kwa ustadi kiasi gani, na aiachie antena yake. Aiache imesimama, waya wake umeungwa, ili mara mojamoja azime simu na kusikiliza walimwengu wanasema nini.

Mwacha asili ni mtumwa, walisema. Tukiyapima maneno yao kwa historia ya redio ya gari, tunaona kwamba asili haikuwa kile kisanduku; chenyewe kilikuja kikalikuta gari lina tundu. Asili ilikuwa kusikilizana njiani.